Kosa Tamu

Januari 2012 wakubwa wa benki ya JPMorgan Chase walikuwa wanasumbuliwa na namba moja. Wenyewe huiita VaR, na kazi yake ni kujibu swali ambalo kila mwenye mtaji hujiuliza kabla ya kulala: soko likienda mrama kesho, naweza kupoteza kiasi gani? Benki nzima ilikuwa imejiwekea ukomo wa dola milioni 125. Siku nne mfululizo ukomo huo ukavukwa, na kila aliyetafuta chanzo aliishia kwenye mlango mmoja, wa idara ya uwekezaji ambayo wachuuzi wake wa masoko ya fedha walikaa London.

Idara hiyo ilikuwa imekabidhiwa amana ambazo benki haikuwa imezikopesha, takriban dola bilioni 350. Humo ndani kulikuwa na kapu la mikataba inayofanana na bima: unamlipa mwenzako ada, naye anaahidi kukufidia endapo kampuni fulani itashindwa kulipa madeni yake. Au kinyume chake, wewe ndiye unayepokea ada na kubeba ahadi. Kapu hilo lilikuwa limevimba, na VaR ilikuwa inapiga kelele kama inavyopaswa.

Njia ya kiungwana ya kunyamazisha kelele hizo ilikuwa kupunguza dau. Njia ya pili ilikuwa kuomba ukomo upandishwe kwa muda, na hilo lilifanyika. Ukafika milioni 140. Ya tatu ilikuwa kubadili mizani.

Mizani mpya ilikuwa jikoni tangu 2011. Aliyepewa kazi ya kuitengeneza ni mtaalamu mmoja wa hesabu ambaye hakuwa amewahi kutengeneza kipimo cha VaR hata siku moja. Aliomba asaidiwe. Msaada wa kutosha haukuja. Haya si maneno ya mitaani. Yamo kwenye ripoti ya kikosi kazi cha benki yenyewe, iliyotolewa Januari 2013, na miezi miwili baadaye kamati ndogo ya Seneti ya Marekani chini ya Carl Levin ikatoa ripoti yake, ndefu na kali zaidi.

Kipimo hicho, kilichokusudiwa kulinda mabilioni, kilikuwa kinaendeshwa kwa mafaili ya Excel. Si faili moja, bali mlolongo wa mafaili, na hayakuwa yanazungumza yenyewe kwa yenyewe. Ilibidi mtu afungue la kwanza, achague namba, anakili, afungue la pili, abandike. Kisha la tatu. Watu wa benki wenye kazi ya kupitisha vipimo waliliona jambo hilo na wakaandika kwamba kazi ya mkono ina hatari. Waliahidiwa kwamba shughuli yote itahamishiwa kwenye mfumo unaojiendesha. Haikuhamishwa. Kipimo kikapitishwa mwishoni mwa Januari huku watu wa idara ile wakihimiza mambo yaende haraka.

Tarehe 27 Januari VaR ya idara ile ilishuka kutoka dola milioni 132 hadi milioni 66.

Ndani ya mafaili hayo kulikuwa na fomula moja iliyokosewa. Chukua kalamu tuifanye pamoja, maana haihitaji shahada. Tuseme jana kiwango kilikuwa 4, na leo ni 6. Tofauti ni 2. Aliyebuni kipimo alikusudia tofauti hiyo igawanywe kwa wastani wa namba mbili hizo, yaani 5, na jibu liwe 0.4. Faili likawa linagawa kwa jumla yao, yaani 10, na jibu likawa 0.2. Kila mtikisiko wa soko ukasomeka nusu ya ukubwa wake. Si kushuka kote kwa VaR kulikotokana na fomula hiyo, kwa sababu kipimo kipya kilikusudiwa tangu mwanzo kiwe chepesi kuliko cha zamani. Lakini kosa lilisukuma upande uleule ambao kila mtu ofisini alitaka namba iende.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji wangu asimame kidogo. Namba ya hatari imekatika nusu kwa usiku mmoja, ilhali hakuna aliyepunguza dau. Jengo limejaa wajuzi wa namba. Kama ingepanda mara mbili, simu zingelia usiku kucha na fomula zingepekuliwa seli kwa seli hadi alfajiri. Iliposhuka, watu walishusha pumzi na kuendelea na kazi.

Na kazi waliiendeleza kweli. Mwisho wa 2011 kapu lile lilikuwa na mikataba yenye thamani ya kimahesabu ya dola bilioni 51. Kufikia mwisho wa Machi 2012 lilikuwa na bilioni 157. Dau lilikuwa kubwa kiasi kwamba wafanyabiashara wa benki nyingine walianza kumnong'ona mtu aliyekuwa akiweka dau bila kushiba, wakampa jina la nyangumi wa London. Tarehe 6 Aprili magazeti yakamwanika. Wiki moja baadaye mkuu wa benki, Jamie Dimon, akawaambia wachambuzi wa masoko kwamba ni kelele za bure. Tarehe 10 Mei akarudi mbele ya watu haohao kukiri hasara ya dola bilioni 2. Siku hiyohiyo benki ikakitupa kipimo kipya, ikarudia cha zamani, na wastani wa VaR ya idara ile kwa robo ya kwanza ya mwaka ukasahihishwa kutoka dola milioni 67 hadi milioni 129. Hasara iliendelea kukua hadi ikapita bilioni 6. Mkuu wa idara aliondoka. Dimon alikatwa nusu ya malipo yake ya mwaka. Septemba 2013 wasimamizi wa Marekani na Uingereza waliitoza benki faini ya dola milioni 920.

Excel haikupoteza bilioni hizo. Zilipotezwa na watu waliocheza dau kubwa kuliko walivyoweza kulimudu, na wakubwa waliofumba macho. Nalisema kwa sababu kuna tabia ya kulisimulia tukio hili kama kichekesho cha fomula, kwamba benki kubwa iliangushwa na mtu aliyegawa vibaya. Si hivyo. Faili lilifanya jambo dogo zaidi na baya zaidi: liliwapa watu wanaotaka kuendelea ruhusa ya kuendelea, kwa sura ya namba safi yenye mpangilio.

Ukipekua visa vingine vya aina hii utakutana na harufu ileile. Mwishoni mwa 1994 mfuko wa uwekezaji wa Magellan, wa kampuni ya Fidelity ya Marekani, uliwatangazia wawekezaji wake gawio la dola 4.32 kwa kila hisa. Baadaye ikagundulika kwamba mhasibu, alipokuwa akihamisha namba kwenda kwenye lahajedwali lingine, yaani faili la hesabu la aina ya Excel, alisahau kuandika alama ya kutoa. Hasara ya dola bilioni 1.3 ikaingia kama faida ya dola bilioni 1.3. Gawio likafutwa. Nani angeikagua faida? Mwaka 2003 kampuni ya umeme ya TransAlta ya Kanada ilipoteza dola milioni 24 za Marekani kwa sababu ya kunakili na kubandika: mistari ya zabuni ilipishana, ikajikuta imeshinda mikataba kwa bei ya juu kuliko iliyokusudiwa. Mtu hushangilia kushinda zabuni. Hakai chini kujiuliza kwa nini ameshinda.

Kisa cha Uingereza cha 2020 si cha biashara, lakini siwezi kukiruka. Katikati ya korona, idara ya afya ya umma ya England ilikuwa inapokea matokeo ya vipimo kutoka maabara na kuyaingiza kwenye faili la Excel la muundo wa zamani. Muundo huo una mwisho: mistari 65,536, basi. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, kwa hiyo faili moja lilijaa baada ya wagonjwa kama 1,400. Waliozidi walikatwa. Hapakuwa na king'ora wala onyo lililomfikia mtu. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu ya taifa. Wenyewe walipewa majibu yao, lakini waliokaa nao karibu hawakutafutwa kwa wakati. Muundo mpya wa Excel, unaobeba mistari zaidi ya milioni moja, ulikuwepo tangu 2007. Na kwa siku hizo zote takwimu zilionekana nafuu kuliko hali halisi.

Sasa, mtu wa haki lazima aisifu Excel. Dan Bricklin na Bob Frankston walipoleta VisiCalc mwaka 1979, lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo kupata umaarufu, walimwondolea mhasibu adha ya kufuta na kuandika upya ukurasa mzima kila bei moja inapobadilika. Excel imerithi neema hiyo na kuiongeza. Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kujua leo jioni saruji inamlipa kuliko nondo, bila kumwajiri mtu. Hakuna chombo cha ofisini kilichompa mtu wa kawaida nguvu kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo. Tatizo ni upole wake. Excel haikatai kitu. Andika tarehe ya mwaka 2052, itaipokea. Andika milioni nne na nusu kwa mkono juu ya fomula ya jumla, fomula itatoweka na milioni nne na nusu zitabaki pale, zimevaa sare ileile ya namba nyingine, na mwezi ujao, na mwezi utakaofuata. Ongeza mistari kumi ya mauzo chini ya jumla inayoishia mstari wa 40, na jumla itaendelea kuishia mstari wa 40.

Ray Panko, profesa wa Chuo Kikuu cha Hawaii, amechunguza makosa ya lahajedwali kwa miongo kadhaa. Anachokionyesha ni kwamba watu makini, hata wazoefu, hukosea asilimia chache ya fomula wanazoandika, kama anavyokosea mtu yeyote anayeandika au kuhesabu. Asilimia chache inasikika ndogo. Lakini faili la biashara lina fomula mamia, kila moja ikilishwa na nyingine, kwa hiyo swali si kama kuna kosa humo. Swali ni liko wapi na linaegemea upande gani.

Kwetu tumeongeza vituko vyetu. Ingiza namba ya simu inayoanza na 0754 kwenye seli ya kawaida; Excel itadhani ni hesabu na kuimeza sifuri. Hilo ni dogo, wengi wameshalizoea. Jaribu namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Mtu akiiandika bila vistari, kwenye seli ambayo haikuandaliwa kama maandishi, kwanza itaonekana kama kitu cha ajabu chenye herufi E katikati, kisha ukiipanua utakuta tarakimu tano za mwisho zimegeuka sifuri. Hazirudi tena. Orodha ya wakopaji mia tano inaweza kuonekana imejaa na nadhifu, huku hakuna mkopaji hata mmoja anayeweza kutambuliwa kwa namba hiyo. Kisha kuna tarehe. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Kimarekani itasoma 03/04 kuwa Machi 4, wakati karani aliandika Aprili 3, na rejesho la mkopo litahesabiwa limechelewa mwezi mzima au limewahi mwezi mzima. Ikifika 13/04 hapo kompyuta inashtuka na kuiacha kama maandishi, kwa hiyo safu moja inakuwa na tarehe za aina mbili na hakuna anayejua mpaka mwanachama wa chama cha akiba na mikopo, yaani SACCOS, aje kulalamika.

Angalia pia kwamba mwanachama huja kulalamika akitozwa faini asiyostahili. Aliyesamehewa kimakosa haji. Kwa hiyo makosa yanayomuumiza mteja husahihishwa na mteja mwenyewe, na yale yanayoiumiza SACCOS hubaki kwenye faili, yakirundikana.

Halafu kuna suala la mtu. Kila ofisi ina kijana mmoja anayeitwa fundi wa Excel. Ndiye aliyetengeneza faili la mishahara, la stoo, la madeni. Limejaa rangi alizozielewa yeye: njano ni hawajalipa, kijani ni wamelipa nusu, nyekundu anajua mwenyewe. Limehifadhiwa kwa jina la "Mauzo mwisho", pembeni yake kuna "Mauzo mwisho mpya", na "Mauzo mwisho mpya 2 TUMIA HII". Kuna lililoko kwenye kompyuta ya mhasibu, lililotumwa kwa bosi WhatsApp, na lililoko kwenye flashi ndani ya mkoba wa mtu aliye safarini Mwanza. Yapi ni mauzo ya kweli? Kijana akipata kazi nyingine, anaondoka na jibu. Simlaumu, hakuna aliyemwajiri aandike maelezo ya faili, na kila alipoomba muda wa kulisafisha aliambiwa ripoti inasubiriwa. Yule mtaalamu wa London naye aliomba.

Najua nitaambiwa mifumo ya kihasibu ni ghali, inahitaji intaneti isiyokatika, na wauzaji wake huahidi pepo na kutokomea. Kuna ukweli mwingi hapo. Nimeona ofisi zilizonunua mfumo na kuendelea kufanya kila kitu Excel kisha kuingiza jumla tu kwenye mfumo ili mkaguzi aridhike, jambo ambalo ni kulipa mara mbili kwa udhaifu uleule. Sisemi kila duka linunue. Mwenye duka moja, anayeandika mwenyewe na kuhesabu fedha mwenyewe jioni, abaki na Excel yake; droo ya fedha itamwambia akikosea. Mambo hubadilika pale watu wawili wanapoandika kwenye faili moja, au pale fedha zilizomo zinapokuwa za watu wengine. Kikundi cha akiba, SACCOS, shule inayokusanya ada, msambazaji mwenye wachuuzi barabarani: hawa wakiendelea kuweka leja yao kuu kwenye Excel wanakosa, na wanajua wanakosa.

Kwa wanaolazimika kuendelea nayo kwa sasa, yako mambo ya bei ya bure ambayo hayafanyiki kwa uvivu tu. Seli za fomula zifungwe ili zisiandikwe juu. Namba za simu na za vitambulisho ziwekwe kama maandishi kabla ya kuandika ya kwanza. Faili liwe moja, mahali pamoja, na anayelibadilisha aandike tarehe na alichobadilisha. Jumla moja ihesabiwe kwa njia mbili, na mbili hizo zisipolingana ripoti isitoke. Haya hayamfanyi mtu awe salama. Yanampa nafasi ya kushtuka mapema.

Kwako mwenye biashara au mwenyekiti wa kikundi unayesoma hapa, nina ombi moja la wiki hii. Fungua ripoti ya mwezi uliopita, utafute namba iliyokufurahisha kuliko zote: faida iliyopanda ghafla, deni lililoshuka, stoo iliyotimia bila pengo. Mpe mtu ambaye hakulitengeneza faili hilo, pamoja na risiti, taarifa ya benki na kikokotoo, aitafute upya kuanzia kwenye karatasi. Na usimwambie jibu unalolitarajia.